Ufini: Kivuli cha Mchana na Vitamini D ya Mtoto

Mtoto aliyezaliwa Helsinki na wazazi waliokulia Goma au Bujumbura hulisikia jua likisifiwa nyumbani, ila ni nadra kuelezwa kwamba jua hilo ndilo linaloiwezesha ngozi yake kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo, mwili haufyonzi vizuri madini ya kalsiamu yaliyomo chakulani. Mifupa inayokua hubaki laini, miguu hupinda, na mtoto huugua matege.

Njia nyepesi ya kumfundisha ni kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua liko juu vya kutosha; kikimpita kwa urefu, ngozi hutengeneza vitamini kidogo mno. Goma, karibu na ikweta, kivuli cha saa sita mchana hujikunja miguuni. Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini, na mwishoni mwa Desemba kivuli cha mchana hufikia takriban mara tisa ya kimo cha mtoto. Tangu Oktoba hadi Machi, jua la huko huangaza tu. Kukaa dirishani hakusaidii hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa kioo huizuia miale ya urujuanimno inayohitajika. Ngozi nyeusi, ambayo rangi yake huikinga na jua kali, huhitaji muda mrefu zaidi juani. Hilo si kasoro, na ni heri mtoto alisikie kwa mzazi wake kabla ya kulisikia kwa mzaha darasani.

Wafini walilijibu tatizo hili kwa maziwa. Walianza kuyaongezea vitamini D mwaka 2003, na mwaka 2010 kiwango kikapendekezwa kuwa maradufu: mikrogramu 1 katika kila mililita 100, yaani glasi ya mililita 200 humpa mtoto mikrogramu 2. Neno la kutafuta kwenye pakiti ni D-vitamiini, na mtoto aliyekwisha kujua kusoma aweza kukabidhiwa kazi hiyo dukani.

Vyakula vyenye vitamini hiyo kwa asili ni vichache: samaki wenye mafuta kama salmoni, heringi na vibua, na kwa kiasi kidogo kiini cha yai. Wanorwe wana mafuta ya ini la samaki, waitayo tran. Ugali, wali, maharage na mchicha, nguzo za meza zetu, havimo katika orodha hii.

Maziwa ya mama nayo huwa na kiasi kidogo, hivyo watoto wachanga hupewa matone. Hapa Uswidi kipimo ni mikrogramu 10 kwa siku hadi umri wa miaka miwili, na wenye ngozi nyeusi huenda wakahitaji kuendelea baada ya hapo. Muulizeni muuguzi wa kliniki ya watoto. Msiongeze kipimo kwa hiari yenu, kwani vitamini hii hujilimbikiza mwilini na ikizidi hudhuru figo.