Maharage Yanataka Fito

Kiswahili kimetupa neno moja kwa kazi mbili. Mtu anapanda mbegu, halafu mharage wenyewe unapanda fito. Sisi tuliotoka Kivu tumekulia katika kazi zote mbili. Kule Kabare, Walungu na Masisi, maharage yanapanda hadi yanapita kichwa cha mtu. Hapa Dzaleka mengi ninayoyaona ni yale mafupi ya kichaka. Nimejiuliza kwa nini, na sehemu ya jibu iko kwenye historia.

Maharage yenyewe ni wageni. Asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioyaleta Afrika kuanzia karne ya 16. Kwenye milima ya kaskazini mwa Rwanda watu wamelima ya kupanda tangu zamani. Miaka ya 1980 mashamba yalizidi kugawanyika na mizizi ya maharage ikawa inaoza. Ndipo ISAR, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda, pamoja na CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti kilichoko Colombia, wakasambaza aina mpya za kupanda. Moja ilitoka Mexico, Wanyarwanda wakaiita Umubano, yaani kuishi pamoja vizuri. Hesabu yake ni rahisi: shamba likiwa dogo, unakwenda juu. Yakipata fito na mbolea, yanaweza kuzaa mara mbili, hata tatu, ya yale ya kichaka.

Halafu ukaja mwaka 1994. Mwaka ule ule wa mauaji ya Rwanda, Dzaleka ilifunguliwa kama kambi ya wakimbizi hapa Dowa, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Kamuzu Banda. Mwaka huo huo vituo vya utafiti vilianzisha mpango wa Seeds of Hope, Mbegu za Matumaini, ili kuirudishia Rwanda mbegu zake. Watafiti walipofika vijijini, kumbe mbegu nyingi za maharage hazikupotea kama walivyohofia. Watu walizitunza, na nyingine zilipatikana sokoni.

Sasa tuangalie kambi yetu. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, leo tumepita 50,000. Kama kuna mahali pa kwenda juu, si hapa? Lakini vitu vitatu vinazuia.

Cha kwanza ni fito. Fito ya kubeba maharage ndiyo hiyo hiyo inayopikia ugali, na chungu hakingoji. Hapo kamba iliyofungwa kwenye boriti inasaidia: haichomwi, na msimu ujao unaitumia tena.

Cha pili ni baridi. Julai, usiku wa Lilongwe hushuka hadi karibu nyuzi 8, na sisi tuko juu zaidi ya mji. Maharage, matango na pesheni vyote vinaogopa baridi. Dawa yake ni ya zamani sana. Plinio, mwandishi wa Roma, anaeleza kwamba Kaisari Tiberio alitaka kula matunda ya jamii ya matango kila siku. Watunza bustani wake waliyapanda kwenye vitanda vyenye magurudumu, wakavisukuma juani, na wakati wa baridi wakavirudisha chini ya mawe yanayopitisha mwanga. Nyumba ya nailoni angavu inafanya kazi ile ile bila moto. Mchana udongo na madumu ya maji hupokea joto la jua, usiku huliachia polepole. Saa sita mchana lazima ufungue pembeni, la sivyo mimea inaungua na ukungu unaingia. Turubai jeupe la msaada halifai, halipitishi mwanga wa kutosha. Na nyuki wasipoingia, pesheni na matango mengi hayashiki matunda. Maharage hayana shida hiyo, hujichavusha yenyewe.

Cha tatu ni muda, na hapa ndo penye uzito. Lengalenga unaichuma baada ya wiki tatu au nne. Maharage ya kupanda yanataka miezi mitatu hadi minne. Pesheni inaweza kukaa karibu mwaka kabla ya tunda la kwanza, halafu inazaa miaka kadhaa. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wanaoishi nje ya kambi, pamoja na wale wa Lilongwe, warudi Dzaleka. Mtu aliyeacha mti wake ukitoa maua hauoti tena haraka. Kwa hiyo wafadhili wakiuliza mbona tunalima mboga za mwezi mmoja tu, wasidhani hatujui kilimo. Tumepiga hesabu.

Ndiyo maana vile vitanda vya magurudumu vinanipendeza. Ndoo ya lita 20 yenye matundu chini inatosha mashina mawili matatu ya maharage, na inabebeka.

Ndugu zetu wa mashirika, mkipanga mradi wa bustani, msianze na mifuko ya mbegu. Mbegu tumezoea kuzitunza. Anzeni na kamba, nailoni angavu na ndoo, kisha mtuambie kipande hicho cha ardhi ni chetu mpaka lini.