Miwani ya Watu Wazima: Historia Yake, na Deni Langu la Kendwa



Kamati ya mkutano wetu imenitaka niandike makala ya historia, na nadhani ilitaraji niandike habari za skuli yetu, za maalim wetu na za maisha ya dahalia. Hayo wapo wanaoyajua kunishinda. Mimi nimechagua historia ya kitu kidogo ambacho, nikiitazama picha tuliyopiga katika mkutano uliopita, naona wenzangu wengi wa darasa wamekivaa puani, yaani miwani. Tena si miwani yoyote, bali ile ya kisasa iitwayo progresivu, ambayo kioo kimoja humwezesha mtu kuona mbali, kati na karibu. Nitaeleza ilikotoka, inavyofanya kazi na faida zake, na mwisho nitaeleza kwa nini historia hii inanidai.

Jambo lenyewe lilinianza kikaoni, nikiwa na umri wa miaka 44. Nilitakiwa niwasomee wakubwa zangu wa kazi jedwali la matumizi. Nikalisogeza karatasi mbali, nikalisogeza tena, mpaka mkono ukanyooka wote. Tarakimu 3 na 8 zikawa sawasawa machoni mwangu, na mahali palipoandikwa milioni 38 mimi nikasoma milioni 33. Kijana mmoja wa ofisi akanisahihisha kwa adabu. Nikasingizia taa. Siku ya pili nikasingizia mashine ya kuchapia. Ndugu msomaji wa rika langu, bila shaka unaijua safari hiyo ya visingizio.

KWA NINI MACHO HUBADILIKA

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, ipo lenzi laini ya kuzaliwa nayo. Tukitazama kitu cha karibu lenzi hiyo hunenepa, na tukitazama mbali hupungua unene. Mtoto wa miaka 10 huweza kusoma kitabu alichokigusisha karibu na pua. Lakini kadiri miaka inavyokwenda lenzi hukakamaa, na kiasi cha kuanzia miaka 40 haiwezi tena kunenepa vya kutosha. Daktari wa Kiholanzi, Frans Donders, aliyaeleza mambo haya kwa hesabu na vipimo katika kitabu chake cha mwaka 1864, akalitenganisha tatizo hili na kasoro nyingine za macho. Humpata tajiri na maskini, msomi na asiyejua kusoma. Kwa hivyo si ugonjwa wala si aibu. Ni umri tu.

KIOO CHA KUSOMEA

Elimu ya mwanga na jicho ina deni kubwa kwa mwanachuoni wa Kiislamu, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Misri. Katika Kitab al-Manazir, alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 11, alithibitisha kuwa tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya. Mwaka 1267 mtawa wa Kiingereza, Roger Bacon, aliandika kuwa kipande cha kioo kilichobinuka kikiwekwa juu ya maandishi huwasaidia wazee kusoma. Kiasi cha mwaka 1286 mafundi wa Italia walikuwa wamekwisha kuvitia vioo viwili katika fremu moja ya kushikiza puani. Hiyo ndiyo miwani ya kwanza, na ilikuwa ya watu wazima wa kusoma na kuandika.

Lakini miwani hiyo ilitatua nusu ya tatizo. Mwenye kuivaa huona kitabu, na akiinua macho kumtazama aliyeingia mlangoni humwona kama aliye katika ukungu. Ikabidi kuvaa na kuvua, kuvaa na kuvua.

KIOO CHA VIPANDE VIWILI

Mmarekani Benjamin Franklin, aliyekuwa balozi wa nchi yake Ufaransa, alichoka kubadilisha miwani. Akaagiza vioo vikatwe, nusu ya kuonea mbali ikae juu na nusu ya kusomea ikae chini, katika fremu moja. Katika barua yake ya mwaka 1785 alieleza kuwa sasa mezani anaona chakula kilicho mbele yake na pia nyuso za wanaozungumza, na kwamba kuwaona midomo kunamsaidia kukifahamu Kifaransa. Mwaka 1827 John Isaac Hawkins, huko Uingereza, akaongeza kipande cha tatu cha kuonea masafa ya kati.

Wazee wetu wengi tuliwaona na miwani ya vipande viwili, yenye kijidirisha chini ya kioo. Ni miwani mizuri hadi leo, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, jicho likivuka mstari kitu hurukaruka, mara kipo hapa mara pale. Pili, hakuna nguvu ya masafa ya kati, na masafa hayo ndiyo ya urefu wa mkono, ambako kazi nyingi za binadamu hufanyika: dereva na vipimo vya gari lake, muuza duka na rafu zake, karani na kompyuta yake, fundi wa jahazi kule Nungwi na keekee yake.

FUNDI ALIYEUFUTA MSTARI

Wazo la kioo kisicho na mstari lilianza zamani. Mwaka 1907 Mwingereza Owen Aves aliomba hati ya ubunifu kwa kioo ambacho nguvu yake huongezeka kidogo kidogo, lakini hakikupata kuuzwa madukani. Kazi hiyo ilimngojea Mfaransa Bernard Maitenaz, mhandisi kijana wa kampuni ya Essel. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kuitafuta njia. Shida kubwa ilikuwa mashine: zilizokuwepo zilijua kusaga mviringo wa namna moja tu, kama sehemu ya mpira. Maitenaz na wenzake ikawabidi wabuni kioo, kisha wabuni na mashine ya kukisaga. Mwaka 1959 kioo chao kikatoka kwa jina la Varilux. Mwaka 1972 kikatoka cha pili kilichokuwa kizuri zaidi pembeni, na mwaka huo huo Essel iliungana na Silor kuwa kampuni ya Essilor. Maitenaz alifariki mwaka 2021, akiwa ameishi kuona kioo chake kikienea duniani.

KINAVYOFANYA KAZI

Wanafunzi wa sayansi nawaomba hapa wawe na subira na maelezo ya mtu wa mafaili. Fikiri mkonga wa tembo. Juu ni mnene, na mviringo wake ni wa taratibu. Kadiri unavyoshuka unakuwa mwembamba, na mviringo wake ni wa kukaza. Katika kioo, mviringo unaokaza ndio unaoongeza nguvu. Basi uso wa kioo cha progresivu umechongwa mfano wa mkonga: juu pana nguvu ya mbali, katikati pana ujia mwembamba ambamo nguvu hupanda pole pole, na chini pana nguvu ya kusomea. Hakuna mstari, na aliye mbele yako hawezi kujua kuwa umevaa miwani ya kusomea.

Lakini kila kitu na gharama yake. Mshoni akikivuta kitambaa katikati, mikunjo hukimbilia pembeni. Na kioo ni vivyo hivyo. Mwaka 1963 mwanahisabati Mjerumani Günter Minkwitz alithibitisha kuwa, kadiri nguvu inavyopanda katika ujia, kando ya ujia huzuka upotofu wa sura, nao hukua kwa kasi maradufu ya ile ya nguvu yenyewe. Hakuna fundi awezaye kuuondoa upotofu huo. Anachoweza ni kuchagua auweke wapi. Mashine za leo zinazoongozwa na kompyuta huchonga kwa kufuata macho ya mtu mmoja mmoja na fremu yake, hata upotofu ukawekwa mahali asipotazama sana.

FAIDA NILIZOZIONA, NA MASHAKA YAKE

Nilinunua ya kwanza katika duka ambalo sitalitaja. Aliyenipima hakuweka alama ya urefu wa mboni zangu sawasawa, na ujia ukakaa chini mno. Ikawa kila nikitaka kusoma huinua kidevu kama mtu anayetafuta dafu juu ya mnazi. Nikaiweka mtotoni mwa meza miezi mitatu, nikisema vitu vya kisasa ni udanganyifu. Kumbe kosa lilikuwa la kipimo. Nilipopimwa upya kwingine, nilikaa kiasi cha wiki mbili kichwa kikinizunguka kidogo, kisha nikazoea. Leo nasoma faili, natazama kompyuta na namtambua anayeingia mlangoni pasipo kuivua. Heshima yangu kikaoni imerudi.

Wenye kuanza nawapa mawaidha matatu. Ukitaka kuona cha pembeni geuza kichwa, usigeuze macho peke yake. Hakikisha muuzaji amepima urefu wa mboni ukiwa umeivaa fremu uliyoichagua. Na jihadhari na ngazi, hasa ngazi zetu za Mji Mkongwe zilizosimama wima. Sehemu ya chini ya kioo ni ya kitabu, na kidaraja kilicho miguuni huonekana chenye ukungu. Basi inamisha kichwa na ushike ukuta. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2002 uliona kuwa wazee wenye miwani ya nguvu mbalimbali walianguka zaidi ya wenzao. Kwa mzee anayetembea sana nje, miwani mbili za kawaida huenda zikawa salama zaidi.

DENI LANGU

Sasa nije Kendwa nilikozaliwa. Wengi wenu mnaijua kwa mahoteli na ufukwe wake. Mimi naijua kwa kizingiti cha nyumba yetu, ambapo mama yangu alikuwa akikaa alasiri akishona kofia za viua. Kofia moja humla mtu wiki nyingi, na vitundu vyake ni vidogo mno. Fedha za kofia ndizo zilizoninunulia sare na madaftari. Na kila siku kabla ya kuanza huniita, "Mwanangu, njoo nitungie uzi." Nami hutunga, nikaenda zangu kucheza. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini mwanamke aliyeshona tangu usichana wake hawezi kutunga uzi.

Mwaka 1995 nilichaguliwa kuja skuli hii, nikahamia dahalia. Nyumbani hakubaki wa kutunga. Niliporudi likizo nilikuta sindano zimewekwa kando na mama anapiga makumbi na kusokota kamba za usumba, kazi ya jasho jingi na malipo madogo. Tukasema amechoka kushona. Majirani wakasema umri. Umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 43, mdogo kuliko wangu wa leo!

Niliyakumbuka haya siku nilipovaa miwani iliyonifaa. Juma lililofuata nilikwenda Kendwa, nikamchukua mama akapimwe. Hakuhitaji progresivu, maana mbali aliona vyema kwa umri wake. Alihitaji miwani ya kusomea tu, ya bei ndogo kuliko kilo chache za nyama. Akaivaa, akaomba sindano, akatunga uzi mara moja. Akanitazama akasema, "Kumbe kilikuwa hiki tu?" Sikuwa na jibu. Na dukani vilikuwepo miaka yote hiyo.

Nilifikiri ni kisa cha nyumba yetu. La. Utafiti uliofanywa hapa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2010 uliwapima watu 381 wenye miaka 40 na zaidi, ukakuta asilimia 89 wana tatizo hili, na katika wanaohitaji miwani ya karibu asilimia 17.6 tu ndio waliokuwa nayo. Kule Kongwa, Tanzania Bara, utafiti wa mwaka 2006 ulikuta tatizo hili kwa kiasi cha asilimia 62 ya watu wa umri huo. Na hasara yake imepimwa. Huko Assam, India, wachuma chai waliopewa miwani ya kusomea waliongeza mavuno kwa kiasi cha asilimia 22 kuwashinda wasiopewa, kwa matokeo ya mwaka 2018. Bangladesh nako, kwa matokeo ya mwaka 2024, mapato ya watu wa vijijini waliopewa miwani yalizidi ya wenzao kwa asilimia 33 baada ya miezi minane.

Ndiyo maana nasema historia hii inanidai. Nimeeleza safari ya karibu miaka mia saba, kutoka kioo cha Italia hadi hesabu za Minkwitz, na mimi nimefaidika na hatua yake ya mwisho. Lakini kuna vizingiti vingi katika mashamba yetu ambavyo hatua ya kwanza haijavifikia.

Ndugu zangu wa zamani, ombi langu ni dogo. Kila mmoja wetu ampeleke mtu mmoja wa kwao akapimwe macho. Nasema akapimwe, asinunuliwe miwani tu njiani, kwa kuwa mtoto wa jicho na presha ya macho nayo huja katika umri huo huo, na hayo yanataka daktari.

Nanyi wanafunzi mlioko madarasani leo, mkiitwa na mama zenu kutunga uzi, tungeni. Kisha mkae kidogo, mwaulize kwa nini.

Wabillahi tawfiq.