Polisi wamoja, miji mitatu: nani alipe?

Jamani najua nimeadimika, lawama zote nazipokea. Zamu za usiku zimenibana. Nikitoka kazini ni kulala, nikiamka ni kazini.

Leo kaka ndiye kanifanya niandike. Wiki iliyopita kanipigia, eti walinzi wa usiku wa mitaa yetu mitatu wameacha kazi kwa kuwa michango haikutimia. Mwenye maduka anataka kila nyumba itoe sawasawa. Wajane wanasema kinacholindwa ni maduka yake, kwa hiyo alipe yeye. Huku wanabishana, Mama analala peke yake na hata taa ya nje haiwaki. Nikamwambia kaka, ugomvi huo hata huku California upo, tena kwa watu wenye hela zao.

Mimi nauguza wazee majumbani katika kaunti ya Marin, ng'ambo ya daraja la Golden Gate. Kuna miji midogo mitatu huko: Larkspur, Corte Madera na San Anselmo. Kila mmoja una baraza lake, lakini polisi wao ni wamoja. Usiku mmoja mzee wangu mwenye ugonjwa wa kusahau alitoka nje bila viatu. Askari aliyemrudisha alikuwa wa miji yote mitatu. Nikajiuliza, huyu mshahara wake analipa nani?

Historia yake inaanzia mbali kidogo. Mwaka 1954 wakazi wa Lakewood, karibu na Los Angeles, walikataa kumezwa na jirani yao mkubwa Long Beach, wakaanzisha mji wao. Polisi hawakuwa nao, basi wakakodi askari wa sherifu wa kaunti kwa mkataba. Miji mingi ikaiga. Tatizo ni moja: askari wa kukodi bosi wake ni sherifu, si wewe.

Halafu Juni 1978 wananchi wa California wakapitisha kwa kura Pendekezo la 13. Kodi ya majengo ikawekewa kikomo cha asilimia 1 ya thamani. Thamani yenyewe ikarudishwa ya mwaka 1975, na haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Mji ukitaka kodi maalumu, lazima theluthi mbili ya wapiga kura wakubali. Wazee waliokuwa wanaogopa kupoteza nyumba kwa ajili ya kodi walishangilia, na haki yao. Lakini miji ikabaki inakuna kichwa.

Sisi manesi hesabu ya zamu tunaijua. Wiki ina saa 168, mtu anafanya kazi saa 40. Kuweka askari mmoja tu barabarani usiku na mchana unahitaji zaidi ya wanne, na ukiweka likizo na ugonjwa ni watano. Ongeza mkuu wa polisi, magari na pensheni. Mji wa watu 10,000 utatoa wapi? Mwaka 1980 Larkspur na Corte Madera wakaunganisha polisi wao. San Anselmo ikajiunga mwaka 2013, na chombo kikaitwa Central Marin Police Authority.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa kaka. Miji inayoshirikiana ina njia tatu kubwa za kugawana gharama: idadi ya watu, thamani ya majengo, au idadi ya simu za kuita polisi. Tuzijaribu kwa miji hii mitatu. Larkspur na San Anselmo kila mmoja una watu kama 13,000, na Corte Madera kama 10,000. Kwa idadi ya watu, Corte Madera italipa kidogo kuliko wenzake. Lakini hapo ndipo penye maduka makubwa mawili kando ya barabara kuu, na wezi wa madukani hawahesabiwi kama wakazi. Ukihesabu simu, italipa zaidi. Itasema si haki, na wenzake watajibu: mbona kodi ya mauzo ya maduka hayo inaingia kwenu?

Mnaona? Ni mwenye maduka na wajane wetu walewale. Hakuna kanuni isiyo na mlalamikaji, ndiyo maana wengi huchanganya. Sehemu ya mchango inakuwa sawa kwa wote kwa sababu wote wanalala salama, na sehemu inafuata ukubwa wa kazi.

Kaka, fanyeni hivyo. Kila nyumba itoe kidogo, maduka yaongeze juu, na iandikwe. Andikeni pia kwamba anayejitoa atoe taarifa miezi mitatu kabla, mlinzi asikose mshahara ghafla.

Mchango wa Mama nimeshatuma. Hela naweza kutuma kutoka huku, lakini makubaliano lazima mkae chini nyie wenyewe. Nikisikia taa ya nje imewaka na mlinzi amerudi, nami nitalala vizuri nikitoka zamu.

Haya, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.