Koti la Ngozi la Hansie Cronje

Mechi ya kriketi ya siku tano iliyozikutanisha Afrika Kusini na Uingereza mjini Centurion, karibu na Pretoria, Januari 2000, ilikuwa ikielekea kumalizika bila mshindi. Mvua ilikuwa imekula siku tatu nzima. Ndipo nahodha wa wenyeji, Hansie Cronje, akamwendea mwenzake wa Uingereza, Nasser Hussain, na pendekezo ambalo mchezo huo ulikuwa haujapata kuliona katika ngazi hiyo: kila upande usamehe zamu yake moja ya kupiga, ili siku ya mwisho iwe na maana. Wakakubaliana. Uingereza ikapewa shabaha ya mikimbio 249, ikaifikia ikiwa imebakiwa na wiketi mbili tu. Wengi walimsifu Cronje kwa uungwana wake. Miezi michache baadaye ilifahamika kwamba, katika mkesha wa siku ile, mcheza kamari mmoja aitwaye Marlon Aronstam alikuwa amewasiliana naye akitaka mechi isiishe kwa sare. Cronje alipata takriban randi 53,000 na koti la ngozi.

Ninalirejea koti hilo mara kwa mara ninapofundisha historia ya rushwa, kwa sababu linavunja dhana ambayo wanafunzi wangu huja nayo darasani. Wao, ambao wengi wana mkeka simuni mwao tangu Ijumaa jioni, hudhani kwamba kupanga matokeo ni kuuza mechi: golikipa anaachia, timu inafungwa, basi. Kumbe Aronstam hakujali nani angeshinda. Alichonunua ni uhakika kwamba kungekuwa na mshindi. Mwenye kamari hahitaji timu nzima wala matokeo yote. Humtosha kujua jambo dogo mapema kuliko wenzake, liwe hali ya uwanja, mpangilio wa kikosi, au saa ambayo nahodha atatangaza kufunga zamu.

Cronje alianzia hapohapo kwenye vitu vidogo. Mwaka 1996, mjini Kanpur nchini India, alipokea dola 30,000 kutoka kwa mcheza kamari aliyemfahamu kwa jina la MK, ili awashawishi wachezaji wenzake watoke haraka siku ya mwisho. Kwa maelezo yake mwenyewe hakumwambia mchezaji yeyote. Timu ilikuwa tayari inaelekea kushindwa, naye akazificha fedha. Utetezi huu, kwamba nilipokea lakini sikutenda, watumishi wa umma wanaonisoma watautambua mara moja. Katika mwaka uleule wa 2000 ambao Cronje aliumbuka, Bunge letu la Tanzania lilirekebisha sheria ya uchaguzi na kuihalalisha takrima, yaani mgombea kumkirimu mpiga kura kwa nia njema. Ilibidi kungoja hadi 2006 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mpokeaji wa takrima naye husema hakubadili kura yake. Lakini aliyetoa huwa ameshapata anachokitaka: mtu asiyeweza tena kumfungia mlango.

Desemba ya 1996, mjini Mumbai, Cronje aliipeleka mbele ya timu nzima rai ya kupoteza mechi kwa malipo ya laki kadhaa za dola. Walikaa kikao, wakajadiliana, baadhi wakapinga kwa nguvu, na rai ikakataliwa. Mimi naona kikao hiki ni kibaya kuliko hata fedha za Kanpur. Jambo ambalo lilistahili kuripotiwa polisi lilizungumzwa kama ajenda ya kawaida, kisha likafunikwa.

Machi 2000, mjini Nagpur, nahodha huyo aliwafuata wachezaji wawili, Herschelle Gibbs na Henry Williams, kila mmoja akiahidiwa dola 15,000. Gibbs apige mikimbio isiyofika 20. Williams aruhusu zaidi ya 50. Wote walikubali. Gibbs alipoingia uwanjani alipiga 74 kwa mipira 53, na Williams akaumia bega kabla hajamaliza ova yake ya pili. Mpango ukafa, lakini wote wawili walifungiwa miezi sita. Walikuwa watu wa jamii ile ambayo sheria za ubaguzi ziliiweka kati ya Wazungu na Waafrika, katika timu iliyorudi kwenye mashindano ya kimataifa mwaka 1991 tu. Nahodha Mzungu aliyependwa na taifa zima alikwenda kwa wale ambao nafasi yao ndani ya timu ilikuwa dhaifu zaidi. Hilo si jambo la michezo pekee.

Polisi wa Delhi walitangaza mwezi Aprili kwamba walikuwa na maongezi yake ya simu na Sanjay Chawla, mcheza kamari Mhindi aliyeishi London. Cronje alikana, kisha siku chache baadaye akampigia simu mkuu wa kriketi nchini mwake, Ali Bacher, usiku wa manane, akakiri kwamba hakuwa mkweli. Tume ya Jaji Edwin King ilimhoji Cape Town mwezi Juni, akiwa ameahidiwa kinga iwapo angesema kweli yote. Alimtaja Shetani. (Shetani wetu naye hupitia ofisi nyingi.) Alifungiwa maisha, na Juni 2002 akafa katika ajali ya ndege akiwa na miaka 32.

Moto huo ulifika Nairobi. Maurice Odumbe, nahodha aliyeiongoza Kenya kuiangusha West Indies kwenye Kombe la Dunia la 1996, alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 baada ya jaji kuthibitisha kwamba alipokea fedha kutoka kwa mcheza kamari wa Kihindi. Odumbe alikana. Mwaka mmoja tu nyuma, Kenya ilikuwa imecheza nusu fainali ya Kombe la Dunia. Haijafika tena huko.

Wapo wanaosema tatizo lilikuwa kamari haramu, kwa kuwa India bado ilikuwa na sheria ya mwaka 1867 iliyoachwa na Waingereza, na soko likajificha gizani. Hoja ina uzito. Hata hivyo leo kwetu kubeti ni halali, kunalipiwa kodi, na nembo za kampuni za kamari zimekaa vifuani mwa wachezaji. Anayenunua siri ya kikosi hana tena haja ya kujificha London. Chawla mwenyewe alirejeshwa India kujibu mashtaka Februari 2020, karibu miaka ishirini tangu simu ile inaswe.