Swali Tunalolipeleka kwa Karata



Tutajapo karata hapa pwani, twakumbuka baraza na ubishi wa wachezaji juu ya turufu. Maneno hayo tuliachiwa na Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, na katika miaka ipatayo 200 iliyofuata lugha yetu ilipokea majina yao: kopa, yaani vikombe, uru, yaani dhahabu, shupaza, yaani panga, pao, yaani magongo. Turufu maana yake ni ushindi.

Katika karne hiyo ya 15, huko kaskazini mwa Italia, watu waliongeza karata 22 za picha juu ya zile za kawaida, wakaziita kwa neno lililo ndugu wa turufu yetu. Hizo ndizo karata za taroti. Zilikuwa mchezo tu. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba zimebeba hekima ya siri ya Misri. Hakuwa na ushahidi. Hata maandishi ya kale ya Misri hayakuweza kusomwa hadi mwaka 1822. Lakini desturi ya kubashiri kwa karata hizo ilienea, na mwaka 1909 zikachapishwa London zile 78 ambazo kijana wa Malindi aweza kuziona leo katika simu yake.

Wengi wazitumiao leo husema, "Sisi hatubashiri. Twafunua picha ili tujitazame mioyo yetu." Tusiwacheke. Kujichunguza ni jambo jema, na swali linalomsukuma mtu ni la kweli: mtoto haponi, kazi imekwisha, mume aliyekwenda baharini hajarudi. Kwa maswali hayo hayo jirani zetu, na hata baadhi ya washirika wetu, huenda usiku kwa mpiga ramli au kwa mganga wa mburuga.

Basi shida iko wapi? Picha haina macho. Hurudisha lile tulilokuja nalo. Aliyekuja na hofu huondoka na hofu iliyovikwa mamlaka. Aliyekuja na shuku huondoka na jina la jirani. Katika Kilifi yetu wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya mvi tu, hata ikabidi pawe na kituo cha kuwahifadhi huko Ganze. Hatusemi kwamba binti anayefunua karata chumbani mwake ni sawa na muuaji. Twasema kwamba jibu lisiloweza kuulizwa swali ni jibu la hatari, liwe limetoka katika karata, katika ramli, au katika kinywa cha mtu.

Tazameni mitume. Katika Matendo ya Mitume sura ya 1 walipiga kura, ikampata Mathiya. Katika sura ya 2 Roho Mtakatifu akashuka, na tangu hapo kitabu hicho hakisimulii tena kwamba walipiga kura. Lilipotokea jambo zito la Mataifa, katika sura ya 15, walikutana Yerusalemu. Walishindana kwa maneno, wakamsikiliza Petro, wakawasikiliza Barnaba na Paulo, na Yakobo akayapima yote kwa maneno ya manabii. Njia hiyo ilikuwa ndefu, nayo ilihitaji ndugu awezaye kusema, "Hapana, hapo umekosea."

Nasi wachungaji tusijione safi. Mara ngapi tumeifumba macho Biblia, tukaifungua popote, tukaweka kidole, tukasema Mungu amenena? Agostino wa Hipo, katika karne ya 5, aliona afadhali watu wafanye hivyo kuliko kuwaendea pepo, lakini hakupendezwa. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, si mbali na Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Watu hao hawakuongozwa na karata. Waliambiwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu, na aliyesita hakupata nafasi ya kuuliza.

Kwa hiyo, mpendwa, ukiwa na swali linalokunyima usingizi, usilifiche. Lilete mbele za Mungu kwa maneno yako mwenyewe. Soma Neno tangu mwanzo wa sura hadi mwisho wake. Kisha mwendee ndugu anayekupenda kiasi cha kukupinga. Nasi tulio makanisani tuiache milango wazi, ili anayeumia asilazimike kwenda usiku kutafuta wa kumsikiliza.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wajua swali letu kabla hatujalitamka. Utupe subira ya kukungoja, na ndugu wa kungoja pamoja nasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.