Nani Alikamua Maziwa?

Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, gari aina ya Buick lilikutwa limeacha barabara karibu na Karen, nje kidogo ya Nairobi. Ndani yake alikuwamo Lord Erroll, mlowezi wa Kiingereza, kapigwa risasi ya kichwa. Waliolikuta ni Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa mjini.

Kisa hicho ndicho kilichozaa sinema ya White Mischief, iliyoongozwa na Michael Radford mwaka 1987 kutokana na kitabu cha James Fox cha mwaka 1982. Niliitazama hapa Karatu kwa hamu kubwa, maana na mimi naandika riwaya ya mauaji ya zamani. Nguo, magari, ulevi na ufuska wa walowezi, vyote vimepangwa vikapangika. Charles Dance ni Erroll. Joss Ackland ni Sir Jock Delves Broughton, mzee aliyeibiwa mke, Diana.

Sasa tuulizane, ukweli uko wapi? Broughton alishtakiwa, lakini haikuthibitika kwamba risasi zilitoka kwenye bastola yake. Juri, Wazungu watupu, ikamwachia tarehe 1 Julai 1941. Alikufa Desemba 1942 huko Liverpool, Uingereza, kwa kuzidisha dawa. Sinema inatuelekeza tumwone ndiye muuaji, kisha inamfanya ajiue kwa bunduki hukuhuku Kenya, mbele ya mkewe. Kumtwisha marehemu hatia ambayo mahakama haikumkuta nayo si jambo dogo. Lakini yeye anao watetezi, vitabu vimeandikwa. Wale wa maziwa je?

Hapo ndipo roho iliponiuma. Humo Wazungu wana wivu, madeni na hofu. Waafrika wanapitapita tu nyuma yao. Jamani, katika nyumba kama ile, nani ajuaye zaidi? Aliyefungua lango anajua bwana karudi saa ngapi. Aliyefua shati anajua lilikuwa na doa gani. Mpelelezi asiyemuuliza mpishi si mpelelezi, na mtunzi naye ni hivyo hivyo.

Nikajiona bingwa wa kukosoa, mpaka nilipofungua daftari langu. Riwaya yangu inatokea ndani ya kreta ya Ngorongoro, enzi za Mjerumani. Ndugu wawili, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walifuga na kulima humo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mauaji ni ya kubuni, lakini shamba lilikuwapo kweli, na Wamasai pia walikuwapo. Wameishi ndani ya kreta hadi walipoondolewa mwaka 1974. Nilikuwa nimechunguza hata aina ya bunduki. Mchunga ng'ombe wangu, Mmasai, nilimpa maneno mawili tu katika kurasa arobaini: "Ndiyo, bwana."

Kumbe nami ni walewale! Tena mimi sina kisingizio, sikutoka mbali.

Nimezichana kurasa zile arobaini. Sasa naanza upya, asubuhi yenye ukungu, na mtu anayekwenda kukamua. Yeye ndiye anayeiona damu kwanza. Ana mke, ana ng'ombe wake mwenyewe, na ana sababu zake za kunyamaza. Tarehe nitazisoma vitabuni. Habari zake yeye itanibidi nipande juu, nikawaulize wazee.