Kutoka Mlolongo wa Masharti hadi Jedwali: Sura ya Historia ya Programu za Kompyuta

Mwandishi wa programu anayetaka kigeu, yaani jina linalobeba thamani inayobadilika, kipewe thamani yake kulingana na hali iliyopo, ana njia mbili kongwe. Ya kwanza ni mlolongo wa masharti: ikiwa mwezi ni wa kwanza, siku ni 31, la sivyo, ikiwa ni wa pili, siku ni 28, na hivyo hivyo hadi mwezi wa 12. Ya pili ni kuziweka thamani zote katika safu, ambayo ni mfululizo wa thamani zinazofuatana ndani ya kumbukumbu, kila moja ikiwa na namba ya nafasi yake, kisha kuichukua ile inayotakiwa kwa kuitaja namba hiyo. Njia ya pili hufundishwa siku hizi kama suala la unadhifu wa uandishi, ilhali historia yake inahusu zaidi bei ya kumbukumbu na, juu ya hapo, mahali ambapo kosa hupata maficho.

Jedwali la kutafutia majibu ni kongwe kuliko kompyuta. John Napier wa Scotland alichapisha logarithimu zake mwaka 1614, na kufikia 1624 Henry Briggs alikuwa ametoa logarithimu za namba 1 hadi 20,000 na 90,000 hadi 100,000 kwa tarakimu 14 za desimali. Pengo la katikati lilijazwa na Adriaan Vlacq wa Uholanzi mwaka 1628, ingawa kwa tarakimu 10 tu. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari Afrika Mashariki vilikutana na wazao wa kazi hiyo katika vitabu vyembamba vya majedwali ya tarakimu nne. Udhaifu wake ulijulikana mapema, kwani anayesoma jibu kwenye jedwali halikokotoi upya, bali humwamini aliyelijaza, aliyelinakili na aliyelipanga kwa herufi za chapa. Charles Babbage alipoonyesha mwaka 1822 kielelezo cha mashine yake ya kukokotoa, shabaha yake kubwa ilikuwa kuwaondoa binadamu hao watatu katika utengenezaji wa majedwali.

ENIAC, kompyuta iliyotangazwa Philadelphia mwezi Februari 1946, ilijengwa kwa ajili ya majedwali ya kulengea mizinga ya jeshi la Marekani, nayo yenyewe ilihitaji majedwali ili ifanye kazi. Ilikuwa na makabati matatu ya kuhifadhia thamani, kila moja likiwa na mistari 104 iliyopangwa kwa swichi za kuzungushwa kwa mkono, ambamo ziliwekwa, kwa mfano, thamani za ukinzani wa hewa dhidi ya kombora. Mwaka 1948 makabati hayo yaligeuzwa matumizi, yakaanza kubeba maagizo ya programu badala ya thamani, na hapo ikadhihirika kwamba mpaka kati ya maagizo na data ni wa makubaliano tu.

Masharti nayo yalikuwa na gharama yake. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na IBM mwaka 1957 na kikundi kilichoongozwa na John Backus, ilikuwa na kauli ya sharti iliyopima kama namba ni hasi, sifuri au chanya, kisha ikairusha programu kwenye mojawapo ya sehemu tatu zilizotajwa kwa namba. Kwa kuwa haikuwa na tamko la «la sivyo», uchaguzi wa thamani 12 ulihitaji msururu wa mirukio ambayo msomaji aliifuata kwa kidole, na kila kauli ilikaa kwenye kadi yake iliyotobolewa. Lugha hiyo hiyo iliruhusu safu, na kwa aliyezitumia, rundo la kadi lilipungua.

Mashine iliyoipeleka njia ya jedwali mbali kuliko zote ilikuwa IBM 1620, iliyotangazwa mwaka 1959. Ili kupunguza gharama, toleo lake la kwanza halikupewa sakiti za kujumlishia. Ilijumlisha kwa kutafuta jibu la kila jozi ya tarakimu katika jedwali la nafasi 100 lililokaa kwenye kumbukumbu ya kawaida, na kuzidisha kwa jedwali jingine la nafasi 200. Programu iliyoandika juu ya nafasi hizo kwa bahati mbaya iliiachia mashine hesabu potofu, nayo ikaendelea kujumlisha bila kulalamika.

Katika miaka ya 1970 kumbukumbu ilizidi kushuka bei, na hoja ikahamia kwenye usomekaji. Kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C, kilichotoka mwaka 1978, kina mfano ambao bado haujapitwa: siku za miezi zimewekwa katika safu ya mistari miwili, mmoja wa mwaka wa kawaida na mwingine wa mwaka mrefu, na jibu la swali «je, mwaka huu ni mrefu?», ambalo katika C ni 0 au 1, linatumika lenyewe kuchagua mstari. Safu hiyo ina safuwima 13, si 12, kwa sababu C huanza kuhesabu kwenye sifuri ilhali miezi huanza kwenye moja, hivyo nafasi moja imeachwa bure ili kuepuka kutoa moja kila mara. Ubadhirifu huo mdogo ni wa busara kuliko werevu mwingi wa waandishi wa programu.

Jon Bentley, katika kitabu chake *Programming Pearls*, alitoa mfano wa upande wa pili: kitabu kimoja cha mafunzo kilikokotoa kodi ya mapato ya Marekani ya mwaka 1978 kwa kauli 25 za sharti, viwango vikipanda kutoka 0.14 hadi 0.15, 0.16 na kuendelea. Walipa kodi wa Tanzania na Kenya wanalifahamu umbo hilo kupitia PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Hapa kipato hakiwezi kuwa namba ya nafasi moja kwa moja. Lazima programu ipitie safu ya viwango vya chini hadi ipate daraja linalofaa, kisha isome kodi ya msingi na asilimia kutoka safu za jirani. Faida kuu si ufupi. Bunge linapobadilisha viwango, mhasibu asiyejua programu anaweza kulilinganisha jedwali na sheria, mstari kwa mstari, jambo asiloliweza kwa masharti 25 yaliyotawanyika.

Hata hivyo jedwali halifuti kosa, hulihamisha tu. Prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel iligawanya namba kwa msaada wa jedwali la nafasi 2,048, ambapo 1,066 zilipaswa kuwa na thamani; nafasi tano zilizohitajika zilibaki na sifuri pale palipotakiwa 2. Profesa Thomas Nicely wa Virginia aligundua hitilafu hiyo mwaka 1994 alipokuwa akichunguza namba tasa, na Intel ikatenga dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilisha prosesa hizo. Katika toleo lililosahihishwa, wahandisi hawakuziba matundu peke yake: waliijaza 2 pia katika nafasi zilizokuwa hazitumiki, na kwa kuwa hapakuwa tena na mpaka wa kuulinda kati ya nafasi hizo na zile zilizotumika, sakiti za jedwali zikawa sahili kuliko zile zilizokuwa na kasoro.